Kuunganisha Sola Kubwa na Gridi: Namna ya Kuomba Idhini kwa Wenye Hoteli, Shule na Viwanda vya Malindi

Mwenye hoteli, shule, hospitali au kiwanda cha barafu hapa Malindi anayetaka kuweka sola ya kilowati 50 au 100 kwa kawaida huanza kwa kutafuta bei ya paneli, na idhini ya kuunganishwa na gridi huja kuikumbuka mafundi wakiwa tayari wamepanda paa. Mpangilio huo ndio unaokwamisha kazi nyingi. Mhandisi wa Kenya Power anayeletewa ombi la mtambo ambao umeshanunuliwa hana tena nafasi ya kushauri kuhusu ukubwa wake, aina ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika jengoni) wala mahali pa kuunganisha, na faili likiwa na upungufu hana budi kulirudisha. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume: karatasi na mchoro vitangulie, ununuzi ufuate, na paa liwe la mwisho.

Idhini inalinda nini

Ni vyema kulifahamu jambo hili mapema, kwa sababu kila swali utakaloulizwa linatokana nalo. Laini za umeme za mitaani zilijengwa kwa matarajio kwamba umeme utatoka kwenye transfoma kwenda kwa mteja, wala si vinginevyo. Mtambo wa sola unapozalisha kuliko matumizi ya jengo, umeme hugeuka na kurudi kwenye laini. Sasa mfikirie fundi aliyezima laini ya mtaa, akapanda nguzo ili kuunga waya uliokatwa na tawi la mwarobaini wakati wa upepo wa kusi. Iwapo kuna inveta moja chini ya laini hiyo ambayo haikuzimika, umeme wake wa volti 415 utapita kwenye transfoma kinyumenyume na kupandishwa hadi volti 11,000 upande wa pili, na fundi anayeamini kwamba ameshika waya uliokufa atakuwa ameshika mauti. Ndiyo maana sioni udhuru wowote kwa wale wanaounganisha kimyakimya kwa hoja kwamba sola yao ni ya matumizi ya ndani tu. Mtambo wowote unaofanya kazi sambamba na gridi, hata usiporudisha uniti moja nje, unagusa laini ambayo watu wengine wanaifanyia kazi.

Chagua njia yako kabla ya kuandika barua

Sheria ya Kawi ya 2019 inaacha njia tatu, na ombi lako litakuwa na sura tofauti kwa kila moja.

Njia ya kwanza ni ya mtambo unaolisha jengo pamoja na gridi bila kuruhusu umeme wa sola urudi kwenye laini. Inveta hupunguza uzalishaji wake kila inapohisi kwamba matumizi yameshuka. Kwa hoteli na viwanda vyenye kazi nyingi mchana, njia hii mara nyingi inatosha, nayo huondoa sehemu kubwa ya maswali ya kiufundi, ingawa haiondoi haja ya idhini.

Njia ya pili ni ya upimaji wa pande mbili, ambapo mita huhesabu uniti zinazoingia na zinazotoka. Kifungu cha 162 cha sheria hiyo kinamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuingia mkataba wa aina hiyo na msambazaji wa umeme, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2024. Ni muhimu kuielewa hesabu yake kabla ya kuota faida, kwa maana kila uniti 2 unazorudisha kwenye gridi hukuandikia uniti 1 tu ya kufidia matumizi yako. Unachopata ni uniti kwenye ankara, si fedha mkononi. Kwa hiyo mtu anayejenga mtambo mkubwa kupita mahitaji yake akitumai kuwa muuzaji wa umeme atakuwa ametumia mtaji wake vibaya. Ukubwa wenye faida ni ule unaotumiwa karibu wote ndani ya jengo, na ziada inayorudi iwe ya siku za mapumziko na za msimu mdogo.

Njia ya tatu ni ya mitambo inayozidi megawati 1, pamoja na ile inayojengwa kwa ajili ya kuuza. Hapo unahitaji leseni ya uzalishaji kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, tathmini ya athari kwa mazingira inayokubaliwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na mkataba wa kuuza umeme. Kituo cha Langobaya, chenye paneli za megawati 52 na kilichoanza kuuza umeme Desemba 2021, kilipita njia ya namna hiyo, na ni kazi ya mawakili na mabenki kuliko ya mafundi. Sitaiendea zaidi, yanayofuata ni kwa wale wa chini ya megawati 1.

Jua matumizi yako kwa saa, si kwa mwezi

Ankara inakuambia umetumia uniti 20,000 mwezi huu, lakini haikuambii saa sita mchana ya Jumapili ya mwezi wa Mei jengo lilikuwa likivuta kilowati ngapi, na hilo ndilo mhandisi anataka kulijua. Mwombe fundi afunge kifaa cha kurekodi kwenye swichi kuu kwa muda usiopungua wiki mbili, na ikiwezekana upate kumbukumbu za msimu mkubwa na za msimu mdogo. Hoteli inayotumia uniti 20,000 kwa mwezi hufikisha 240,000 kwa mwaka, na kanuni za usimamizi wa kawi za 2012 zinaitaka kila taasisi inayovuka uniti 180,000 kwa mwaka ifanyiwe ukaguzi wa kawi kila baada ya miaka 3. Ikiwa ukaguzi huo ulishafanyika, ripoti yake tayari ina sehemu kubwa ya takwimu unazohitaji.

Chukulia hoteli ambayo mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na wageni wamejaa, huvuta kilowati 90 mchana, lakini masika yakiingia na vyumba vikabaki vitupu matumizi hushuka hadi kilowati 35. Mwenye hoteli anataka mtambo wa kilowati 100. Januari hakuna kitakachorudi nje. Lakini katika mchana mmoja wa jua kali mwezi wa Mei, mtambo unaotoa kilowati 80 utasukuma kilowati 45 kwenye laini. Kama hoteli ipo mita 300 kutoka kwenye transfoma, na waya ni wa alumini wa milimita 70 za mraba, umeme huo wa amperi 63 kwa kila fezi utainua volti pale hotelini kwa takriban 8, yaani kutoka 240 hadi 248. Jirani mwenye friji ya samaki kwenye laini hiyohiyo ataipata volti hiyo bila kuiomba. Hesabu ya namna hii, ikiandikwa kwenye ukurasa mmoja wa ombi lako, inamwonyesha mhandisi kwamba aliyetengeneza faili anajua anachokifanya, na inakupa wewe mwenyewe nafasi ya kuamua kama utapunguza mtambo hadi kilowati 60, utazuia umeme usitoke nje, au utaongeza unene wa waya kwa gharama yako.

Mtu wa kufanya kazi hii

Kanuni za sola za 2012 zimegawa mafundi kwa madaraja, na kazi ya mitambo iliyounganishwa na gridi ni ya mwenye leseni ya daraja la T3 kutoka EPRA. Kampuni nayo iwe na leseni ya ukandarasi. Ulizia namba ya leseni, iangalie kwenye orodha ya EPRA, na uhakikishe kwamba haijaisha muda na kwamba jina lililo kwenye leseni ndilo la mtu atakayetia saini mchoro. Fundi hodari wa nyumba za mitaani, hata akiwa ndugu yako, hawezi kulibeba faili hili ikiwa leseni yake ni ya T1.

Faili lenyewe

Barua ya ombi iwe fupi: jina la mteja kama lilivyo kwenye ankara, namba ya akaunti, namba ya mita, mahali jengo lilipo, ukubwa wa mtambo kwa kilowati, na njia uliyoichagua kati ya zile mbili za mwanzo. Ambatanisha hati ya umiliki, au mkataba wa upangaji pamoja na ridhaa ya mwenye jengo, kwa kuwa majengo mengi ya ufuoni huendeshwa na mtu asiye mmiliki na jambo hili dogo hurudisha mafaili mengi.

Kiini cha faili ni mchoro wa laini moja, yaani ule unaofuata njia yote ya umeme kutoka kwenye paneli hadi kwenye transfoma. Mchoro mzuri unaonyesha paneli zimegawanywaje katika safu, kila inveta na ukubwa wake, kila breka na amperi zake, unene na urefu wa kila kebo, mita zote, jenereta kama ipo, swichi ya kubadilisha kati ya jenereta na gridi, na mahali halisi sola inapoungana na ubao mkuu. Zaidi ya yote uonyeshe swichi ya kutenganisha ambayo mfanyakazi wa Kenya Power anaweza kuifikia bila kuomba ufunguo wa ofisi, kuifungua, kuitia kufuli yake mwenyewe, na kuona kwa macho kwamba imefunguka. Mhandisi anayeusoma mchoro huanza kwa kuitafuta swichi hiyo. Ukiichora ndani ya chumba cha stoo kinachofungwa usiku, tarajia kurudishiwa.

Ambatanisha pia vyeti vya inveta. Muhimu kuliko vyote ni cha kiwango cha kimataifa cha IEC 62116, ambacho kinathibitisha kwamba inveta hujizima ndani ya sekunde 2 gridi inapokatika. Kwa paneli, vyeti vya IEC 61215 na IEC 61730 ndivyo vya ubora na usalama, na kwa mtu wa pwani naongeza IEC 61701, ambacho ni cha kustahimili chumvi. Cheti hiki hakiulizwi kila mara, lakini hewa ya bahari ya Malindi hula skurubu za kawaida na kupenya kwenye maungio ya waya, na maungio yaliyooza ndiyo yanayowasha moto. Cheti kiwe cha modeli ileile utakayoinunua. Cha modeli inayofanana nayo hakitoshi.

Kisha weka jedwali la mipangilio ya kinga: inveta itajitoa kwa volti ipi ya juu na ya chini, kwa hezi ngapi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) juu na chini ya 50, baada ya muda gani, na itasubiri kwa muda gani kabla ya kurudi. Inveta nyingi hufika zikiwa na mipangilio ya nchi za Ulaya, ambako volti ya kawaida ni 230, ilhali hapa ni 240. Usipoibadilisha, inveta itakuwa ikijizima mchana kila laini inapopanda kidogo, nawe utadhani paneli ni mbovu.

Ikiwa umechagua njia ya kutotoa umeme nje, eleza kifaa cha kuhisi kimefungwa wapi na kinachukua muda gani kumwamuru inveta apunguze. Vihisi vinavyovikwa kwenye kebo vina mshale, na kikivikwa kinyume inveta huona matumizi mahali penye ziada na kuongeza badala ya kupunguza. Andika pia mtambo utafanya nini mawasiliano kati ya kihisi na inveta yakikatika. Jibu linalokubalika ni kwamba utashuka hadi sifuri.

Mambo mawili ambayo wauzaji hawayataji

La kwanza ni pawa fakta, yaani uwiano wa kilowati unazotumia na jumla ya nguvu unayovuta kwenye gridi. Mota za pampu, mashine za barafu na viyoyozi huvuta, pamoja na kilowati, nguvu nyingine ya kuunda sumaku ndani yake, na wateja wakubwa hutozwa zaidi pawa fakta yao inaposhuka chini ya 0.9. Sola iliyopangwa kwa njia ya kawaida hupunguza kilowati zinazotoka kwenye gridi lakini ile nguvu ya sumaku inaiacha palepale. Hoteli yetu ya kilowati 90 yenye pawa fakta ya 0.92 huvuta takriban kVAr 38 (kVAr ndicho kipimo cha nguvu hiyo ya sumaku). Sola ikitoa kilowati 60, gridi inabaki kuleta kilowati 30 na kVAr zilezile 38, na pawa fakta ya saa hiyo inaporomoka hadi karibu 0.62. Ankara huhesabu wastani wa kipindi kizima, hivyo saa za usiku zitaisaidia, lakini kuna wateja ambao akiba yao ya sola imeliwa na tozo hii bila wao kuelewa sababu. Dawa yake ni kuiagiza inveta itoe sehemu ya kVAr hizo, jambo ambalo inveta nyingi za kisasa zinaweza, au kuongeza kapasita, vifaa vinavyoitoa nguvu hiyo. Lisemwe kwenye ombi, kwa sababu mhandisi wa gridi ataliuliza akiwa makini, nawe ndiwe utakayelilipia asipouliza.

La pili ni jenereta. Karibu kila hoteli hapa ina ya dizeli, na gridi inapokatika jenereta ikawaka, inveta hudhani gridi imerudi na kuanza kuzalisha. Sola ikizidi matumizi, umeme utasukumwa ndani ya jenereta na kuiharibu. Kuna suluhisho mbili tu za kweli: sola ifungiwe isifanye kazi jenereta inapowaka, au kuwe na kidhibiti kinachohakikisha jenereta inabaki na mzigo usiopungua takriban asilimia 30 ya uwezo wake. Mchoro useme ni ipi. Mwenye betri naye aonyeshe kontakta inayolitenganisha jengo na gridi kabla betri haijaanza kulisha, kwa sababu ile ile ya fundi aliye juu ya nguzo.

Kuhusu paa niseme kwa ufupi kwamba paneli haziwekwi juu ya makuti, wala kebo za sola hazipitishwi ndani yake. Tumia paa la bati au zege, au zijengewe fremu chini. Ujenzi wa fremu mpya huhitaji kibali cha kaunti ya Kilifi, na walio jirani na uwanja wa ndege waulize pia mamlaka ya usafiri wa anga. Ndugu zetu wa Mji Mkongwe wa Lamu, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, waanzie kwa Makumbusho ya Kitaifa, kwa maana hapo paa ni mali ya mandhari ya mji mzima.

Baada ya kuwasilisha

Peleka nakala mbili kwenye ofisi ya Kenya Power inayokuhudumia, nakala yako igongwe muhuri na tarehe, na uandike jina la afisa aliyepokea. Mitambo mikubwa huenda ikapelekwa kwa wahandisi wa kanda ya Pwani huko Mombasa, na hapo faili lisilo na mtu wa kulifuatilia huzeeka. Mteue mtu mmoja, si watatu, awe ndiye anayepiga simu na kupokea maswali, na kila swali lijibiwe kwa maandishi.

Wahandisi wataangalia uwezo wa transfoma, mitambo mingine iliyokwisha kuunganishwa kwenye laini hiyo, na hali ya volti. Jibu laweza kuwa idhini kamili, idhini ya ukubwa mdogo zaidi, au idhini yenye sharti la kuongeza transfoma au waya kwa gharama yako. Jibu la pili lisikukatishe tamaa. Mara nyingi kilowati 60 zilizoidhinishwa huleta faida karibu sawa na 100 zilizoombwa, kwa kuwa zile 40 za juu ndizo ambazo zingerudi nje kwa nusu ya thamani. Kabla ya kutia saini mkataba wa pande mbili, soma kwa makini kifungu kinachoeleza salio la uniti linakoma lini, nani analipia mita mpya, na nini kitatokea ukiuza jengo. Baada ya hapo, na si kabla, agiza paneli.

Siku ya ukaguzi chagua saa za jua kali, kwa sababu mtambo usiozalisha haujaribiki. Mkaguzi atapitia vipimo vya waya wa athi, yaani wa kwenda ardhini, na vya safu za paneli, kisha ataizima swichi kuu ya jengo sola ikiwa katika kasi yake. Taa huzimika, viyoyozi hunyamaza, na wote huelekeza macho kwenye kioo cha inveta: namba ya kilowati inapaswa kuanguka hadi sifuri ndani ya sekunde 2. Kwenye mtambo wenye betri, sehemu iliyotengwa ya jengo itabaki na taa, hivyo mkaguzi atapima upande wa gridi na lazima akute volti sifuri. Umeme ukirudishwa, inveta haitakiwi kurukia. Itasubiri kwa muda ulioandikwa kwenye jedwali lako, ikitazama volti na hezi, ndipo ianze. Fanyeni jaribio hili nyinyi wenyewe siku moja kabla, na mrekebishe kitakachoonekana.

Mtambo ukishawashwa, bandika nakala ya mchoro kwenye chumba cha inveta na tangazo karibu na mita kwamba jengo lina vyanzo viwili vya umeme. Ukibadilisha inveta au kuongeza paneli, rudi kuomba marekebisho ya idhini, kwani uliyopewa ni ya vifaa vilivyotajwa tu. Mita ya pande mbili ina rejista mbili, ya uniti zilizoingia na ya zilizotoka. Ziandike zote mbili siku ileile ya kila mwezi na uzilinganishe na ankara, na ukiona hazilingani peleka daftari lako ofisini pamoja na picha za mita zenye tarehe kabla ankara inayofuata haijatoka.